Perege hudumaa bila dagaa?

Wafugaji wengi wa samaki Dar, kuanzia Kigamboni hadi Bunju, wanashikilia kwamba bila unga wa dagaa perege hakui, anadumaa. Si kweli. Perege na sato kwa asili hula mwani na mimea, na utumbo wao mrefu unaimeng'enya soya vizuri tu. Kinachoweza kuwadumaza ni soya mbichi: ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya kinachovunja protini, na joto ndilo huvipunguza makali. Kaanga soya bila mafuta mpaka harufu ya ubichi iishe, ndipo uzisage. Mashudu ya alizeti nayo yanafaa, ila yana nyuzinyuzi nyingi na lisini (kijenzi kimoja cha protini) kidogo, yasijaze ndoo. Kambale ni habari nyingine, huyo anataka protini zaidi, na kwake dagaa kidogo si anasa.