Malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto: maneno matatu, maana tatu

Siku hizi ukipeleka mtoto kliniki, au ukihudhuria mkutano wa maofisa ustawi wa jamii, hutakosa kusikia kifupisho MMMAM. Kirefu chake ni malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Tanzania ina programu ya taifa yenye jina hilo, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021. Wengi tunayataja maneno hayo kwa pumzi moja, kama kitu kimoja chenye jina refu. Ni vitu vitatu, na mzazi anayevitofautisha humwona mtoto wake vizuri zaidi.

Makuzi ni mwili: kilo, urefu, mzingo wa kichwa. Ndiyo yale muuguzi anayotafuta anapomning'iniza mtoto kwenye mzani, kisha anaweka nukta kwenye kadi na kuiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda, mama anatabasamu. Ukilala au kushuka, huulizwa mtoto anakula nini, na kama aliugua.

Maendeleo ni yale mtoto anayoweza kufanya leo ambayo jana hakuyaweza. Kugeuza shingo akisikia sauti ya mama, kukaa kitako, kusimama dede, kunyooshea kidole anachokitaka, kusema "baba", kungoja zamu yake mchezoni. Hayo mzani hauyapimi. Mtoto anaweza kuwa na kilo nzuri kabisa akawa hasemi neno, na mama akaambiwa "mtoto wako mzima" kwa sababu kadi inapendeza.

Malezi ni kazi yetu. Makuzi na maendeleo ni ya mtoto mwenyewe, lakini malezi yanamhusu mama, baba, bibi, dada wa kazi, mwalimu, na jirani anayebaki naye mama akienda sokoni. Na neno "awali" hapa lina mipaka: linaanzia tumboni na kufika miaka 8, yaani mpaka mtoto ameshazoea madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi. Ndani ya muda huo, siku 1000 za kwanza, kuanzia kutungwa mimba hadi mtoto afikishe miaka 2, ndizo zenye uzito mkubwa kuliko zote. Mtoto akifika miaka 5, ubongo wake umeshafikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo unaoyagawa malezi hayo katika mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, ujifunzaji wa awali, na malezi yenye mwitikio. Manne ya kwanza hayahitaji maelezo marefu. Chanjo tunazijua. Kunyonyesha bila hata maji kwa miezi 6 tunahimizwa kila kliniki. La tano ndilo watu hulipita haraka, labda kwa kuwa jina lake lina harufu ya semina. Mimi naona ndilo linalobeba mengine.

Mwitikio unatokana na kuitika. Mtu anaita, mwingine anaitika. Mtoto mchanga anaita kutwa nzima: kwa kulia, kwa kukutazama, kwa kurusha miguu, kwa kugeuza uso akishiba. Malezi yenye mwitikio ni mkubwa kuuona ule wito, kuuelewa, na kuuitika kwa wakati.

Mama yangu hajawahi kuhudhuria semina hiyo, lakini nilimshuhudia akiifanya kazi yenyewe. Alikuwa ameketi mkekani barazani anachambua mchele kwenye ungo, mjukuu wake wa miezi mitano kalala chali pembeni. Mtoto akatoa sauti: "aguu". Mama akauweka ungo chini, akamwinamia. "Aguu? Enhe, hebu niambie. Kisha ikawaje?" Halafu akanyamaza. Macho yake yako kwa mtoto, anangoja. Mtoto akakaza miguu, uso mzima ukamwiva kwa juhudi, akatoa sauti ndefu kuliko ya kwanza. "Ala! Na wewe ukawaambiaje?" Akanyamaza tena. Mazungumzo yale hayakuzidi dakika mbili, kisha akarudi kwenye mchele wake.

Tazama pale aliponyamaza. Kwa kungoja vile, alimpa mtoto zamu, na mtoto akajifunza kwamba sauti yake inamfikia mtu na mtu huyo anajibu. Lugha huanzia hapo, na kujiamini pia. Katuni ya kwenye simu haina zamu ya kumpa: inaendelea kusema mtoto akicheka, akilia au akisinzia. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 hauruhusu kumweka mtoto wa chini ya miaka 2 mbele ya skrini, na kuanzia miaka 2 hadi 4 unataka isizidi saa moja kwa siku. Najua simu inavyomsaidia mama aliye peke yake na sufuria jikoni, simlaumu. Lakini mtoto huyohuyo anaweza kukaa karibu naye na chupa tupu ya maji yenye punje za maharage ndani, kizibo kimekazwa sawasawa asije akakifungua na kuzimeza, akaitikisa huku mama anamwambia "nakusikia, piga tena".

Kama kuna anayedhani haya ni mambo ya kubembeleza tu, atazame yaliyotokea Jamaica. Katika miaka ya 1980, mjini Kingston, watafiti walichukua watoto 129 wenye udumavu, yaani wafupi mno kwa umri wao, wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa jamii, ambao walimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono. Miaka 20 baadaye watoto waliotembelewa, sasa watu wazima, walikuwa na kipato kinachozidi kwa takriban asilimia 25 kile cha wenzao ambao hawakupata michezo ile.

Hata kwenye kula, mwitikio una nafasi yake. Tanzania imepunguza udumavu wa watoto wa chini ya miaka 5 kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi 30 mwaka 2022. Ila Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, imo miongoni mwa ile yenye udumavu mkubwa zaidi. Chakula kuwapo ghalani ni jambo moja, na kumfikia mtoto ni jambo lingine. Mtoto wa miezi 8 ana tumbo dogo. Uji mwepesi wa mahindi matupu unamjaza bila kumjenga, na akiachiwa bakuli moja na kaka zake, wakubwa watamaliza yeye bado anachezea kijiko. Anahitaji uji mzito, wenye karanga au maziwa, sahani yake peke yake, na mtu wa kukaa naye, kumtazama usoni, kumsubiri ameze. Kumbana pua ili afungue mdomo, kama wengine wanavyofanya, kunamfundisha kuogopa chakula.

Tukija kwenye shule, hapo nina neno na wazazi wenzangu. Shule za msingi za serikali Tanzania zina darasa la awali, na Kenya kuna PP1 na PP2, madarasa mawili ya kabla ya darasa la kwanza, yaliyo chini ya kaunti. Ni hatua nzuri sana. Lakini mijini nawaona watoto wa miaka 3 wakirudi na daftari la kazi ya nyumbani, vidole havijakomaa kushika penseli, mama kakaa pembeni na mwiko. "Samaki mkunje angali mbichi," tunasema, na wengine wanasikia fimbo ndani yake. Maandalizi ya shule kwa umri ule ni kibe na mdako, kusimuliwa hadithi na kuulizwa "unadhani sungura atafanya nini?", kuhesabu vitunguu fungu kwa fungu, kuvaa viatu mwenyewe hata akikosea mguu. Mtoto aliyezoea kusikilizwa nyumbani ataweza kumwambia mwalimu "sijaelewa".

Watoto hawaendi mwendo mmoja. Shirika la Afya Duniani lilipofuatilia watoto wenye afya njema Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, liliona wengine wanatembea bila msaada wakiwa na miezi 8 na wengine wakikaribia 18, na wachache hawakutambaa kabisa. Kwa hiyo usimlinganishe mwanao na wa jirani wiki kwa wiki. Lakini mtoto asiyeshtuka kwa kelele wala kugeukia sauti yako, aliyefikisha miezi 18 bila kutembea, au aliyekuwa akisema maneno kisha akayaacha, mpeleke kwa daktari na umweleze hasa ulichokiona, hata kama tarehe iliyoandikwa kwenye kadi bado haijafika.