Kilo 80 za mashine si lazima ziwe kilo 80 mkononi

Ukiulizia mashine ya kebo ya mazoezi ya nyumbani hapa Mtwara, utasikia swali lile lile: ina kilo ngapi? Wengi huamini yenye kilo nyingi ndiyo ngumu. Si lazima; tazama kwanza roda, yaani magurudumu madogo ambayo kebo hupitia.

Kebo ikipita kwenye roda zilizofungwa kwenye fremu tu, kisha ikashika vyuma vya uzito, kilo 80 ni kilo 80, ukiacha msuguano. Lakini ikizunguka roda inayopanda pamoja na vyuma, uzito unabebwa na pande mbili za kebo. Mkononi unabaki na kilo 40 hivi, ila kebo inavutika mara mbili zaidi. Jaribu dukani: vuta mpini sentimita 60, vyuma vikipanda 30 tu, hiyo ni ya nusu.

Nusu si kasoro (muuzaji kunyamaza ndiyo kasoro). Kwa mabega ningechukua hiyo hiyo. Kwa mgongo, mwenye nguvu atafika kilo zake za mwisho upesi.

Unakaa Shangani, karibu na bahari? Kagua pia ncha za kebo. Plastiki ikishapasuka pale, chumvi inakula waya, na kebo hiyo ni ya kubadilisha.