Medali ya babu haina jina? Ndivyo ilivyotolewa

Jumanne picha nyingine imeingia kwenye simu yangu: Nyota ya Burma, medali ya Uingereza ya mapigano ya Burma katika Vita vya Pili, utepe umechakaa, na swali ni lile lile. "Mzee, nimegeuza nyuma hakuna jina. Babu alipewa feki?"

Hakupewa feki. Uingereza ilitoa nyota na medali za vita vya 1939–1945 bila kuchonga jina, kwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki) na kwa kijana wa London vilevile. Waliochonga ni wengine, Afrika Kusini na Australia kwa mfano. Mgongo mtupu kwenye nyota ya askari wa Keya haunitishi hata kidogo. Nikikuta jina ndipo navaa miwani. Huenda babu mwenyewe aliipeleka kwa sonara, na huenda ni mchuuzi anayejua kwamba jina hupandisha bei.

Najua ugonjwa huu ulikotoka. Medali za Vita vya Kwanza zina namba, cheo, jina na kikosi ukingoni. Ile medali ya Afrika yenye kibao cha KENYA kwenye utepe, ya miaka ya Mau Mau, nayo ina jina. Kwa hiyo mtu akishaona hizo mbili, anaihukumu ya Burma kwa sheria isiyoihusu.

Wengine hushtuka pia wakikuta Nyota ya Burma pamoja na Nyota ya Afrika ya vita hivyo hivyo: zote kwa mtu mmoja? Inawezekana. Wako waliopigana Abyssinia, yaani Ethiopia, 1941, kisha wakapelekwa Burma 1944. Tuendelee.

Utepe ndio unaonichosha. Wa Burma ni buluu iliyoiva, nyekundu, kisha buluu tena, na kila buluu ina mstari wa chungwa katikati. Siku hizi kila mtu ana ile tochi ya kukagulia noti. Anaumulika utepe, unang'aa, anatangaza: bandia! Taratibu, ndugu yangu. Kweli nyuzi za kisasa hung'aa chini ya mwanga huo. Lakini utepe hubadilishwa. Wa zamani ukiliwa na mende, familia inanunua mpya na kuning'iniza nyota ile ile. Tena pamba ya zamani iliyofuliwa kwa sabuni ya unga ya leo nayo hung'aa. Bibi akiufua utepe kabla ya sherehe, tochi yako imekwisha kazi.

Na tafadhali, acheni kusugua nyota kwa dawa ya kung'arishia shaba. Mnanifutia ushahidi.

Mimi naomba karatasi: kitabu cha malipo, cheti cha kuachishwa jeshi, hata picha ya ukutani. Nyota iliyokuja peke yake naweza kuitazama mwezi mzima nisijue aliyeivaa. Nakala nzuri nazo zimenishinda. Ninayo moja kabatini, niliinunua kama halisi. Nimeipima, nimeilinganisha na nyingine, na bado kuna asubuhi naiamini na jioni naikana.