Je, wajua kwa nini Kant aliona kutii wajibu ndiyo uhuru wenyewe?

Mwaka 1788 Immanuel Kant, profesa wa falsafa katika mji wa Königsberg huko Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, alichapisha kitabu chenye kisa kifupi ndani yake. Ni kisa cha mtu anayedai kwamba tamaa ikishampanda hawezi kabisa kujizuia. Kant anauliza: tuseme mbele ya nyumba anayoiendea pamesimamishwa mti wa kunyongea, na akishatimiza haja yake tu anatiwa kitanzi. Bado atashindwa kujizuia? Bila shaka atajizuia.

Kisha Kant anageuza swali. Mtawala anamwita mtu huyohuyo na kumtaka atoe ushahidi wa uongo dhidi ya mtu mwema ambaye mtawala anatafuta kisingizio cha kumwangamiza. Akikataa, atanyongwa. Je, atakataa? Hapa hata yeye mwenyewe hawezi kuapa, maana uhai ni mtamu. Lakini hatasita kukiri jambo moja: kukataa kunawezekana.

Mara ya kwanza, tamaa moja imeishinda nyingine: hamu ya kuishi imeizidi hamu ya starehe. Hakuna ajabu hapo, hata mnyama hukimbia chakula akiona mkuki. Mara ya pili, mtu anagundua kwamba anaweza kuyakataa matamanio yake yote kwa pamoja, hata lile la kuishi. Amejuaje kwamba anaweza? Kwa sababu anajua kwamba anapaswa. Bila sauti ya wajibu, asingepata hata fununu ya uhuru wake.

Wengi wetu tukisema uhuru tuna maana ya kufanya tunachotaka bila kuzuiwa. Kant anatuuliza: hicho unachokitaka, nani amekiweka ndani yako? Njaa hukuichagua. Wivu, woga, hamu ya kusifiwa, vyote umevikuta vimo. Anayefuata kila kinachompitia moyoni anaburutwa, hata kama mburutaji yuko ndani yake. Binadamu ana akili inayoweza kusimama kando ya matamanio hayo, ikajiwekea sheria na kuitii. Mwaka 1762 mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau alikuwa ameandika kwamba kutii sheria uliyojitungia mwenyewe ndio uhuru. Kant aliichukua fikra hiyo akaifanya nguzo ya maadili yote.

Sasa swali gumu: kama kila mtu anajitungia sheria, si kila mtu atajitungia inayompendeza? La, na hapa ndipo kanuni ya wote inapoingia. Sheria iliyotungwa na akili, si na tamaa za fulani, lazima iwe sheria inayoweza kumfaa kila mwenye akili.

Mfano wa Kant mwenyewe, wa mwaka 1785, ni wa mkopo. Umebanwa na shida, unamwendea jirani: “Nikopeshe, mwisho wa mwezi nitakurudishia.” Moyoni unajua hutalipa. Ifanye kanuni yako iwe ya wote: kila aliyebanwa na aahidi uongo. Mara nyingi hoja hii huelezwa kana kwamba Kant anasema tu kuwa matokeo yatakuwa mabaya. Anasema zaidi ya hapo. Katika ulimwengu wa namna hiyo, maneno “nitakurudishia” yasingekuwa ahadi tena, yangekuwa kelele tu, na hakuna ambaye angetoa hata senti kwa kuyasikia. Kumbe uongo wako unafanya kazi kwa sababu tu wengine wanasema kweli. Unataka sheria ibaki kwa wote, wewe peke yako uwe nje yake. Na jirani yako? Umemnyima nafasi ya kuamua. Kama angejua ukweli, angeweza kukusaidia au kukataa. Wewe umemfanya chombo, ilhali Kant anataka utu, uwe ndani yako au ndani ya mwingine, usitumiwe kamwe kama chombo tu.

Msomaji wa Afrika ana haki ya kuuliza kama sisi tulihesabiwa katika “wote” hao. Mwaka 1764 Kant aliandika maneno ya dharau kuhusu Waafrika, na hakuna namna ya kuyapamba. Mwaka 1795, katika maandishi yake kuhusu amani ya kudumu, alizishutumu dola za biashara za Ulaya kwa kuzivamia nchi za watu kana kwamba wenyeji si kitu, akavitaja visiwa vya sukari vya Karibi kuwa makao ya utumwa wa kikatili kuliko wote. Naamini kanuni yake ndiyo inayotupa kipimo kikali zaidi cha kumhukumu yeye mwenyewe.

Kuna waliomgeuza Kant kuwa mwalimu wa utii wa upofu. Adolf Eichmann, afisa wa Kinazi aliyepanga usafirishaji wa Wayahudi kwenda kambi za mauaji, alishtakiwa Jerusalem mwaka 1961. Alikuwa amewaambia polisi kwamba maisha yake yote amefuata mafundisho ya Kant kuhusu wajibu. Jaji alipomhoji, alilieleza fundisho lenyewe karibu sawasawa, na akasema amekisoma kitabu kile cha 1788. Mwanafikra Hannah Arendt, aliyeifuatilia kesi hiyo, ameandika kilichofuata. Eichmann alikiri kwamba tangu alipokabidhiwa kazi ya kuwaangamiza Wayahudi aliacha kuishi kwa kanuni za Kant, na alilijua hilo. Alijiliwaza kwamba hakuwa tena bwana wa matendo yake.

Kwa Kant, liwazo hilo halipo. Amri ya mkubwa haigeuki kuwa wajibu kwa kuwa imetoka juu. Ni lazima kwanza ipite kwenye akili ya anayeambiwa aitekeleze, na akili hiyo iulize kama hata wale wanaopakiwa kwenye mabehewa wangeweza kuikubali iwe sheria. Eichmann alikuwa na akili hiyo mpaka siku ya mwisho ya kazi yake.