Bajeti ya mshahara, sikukuu ya mwandamo

Mtu akiniletea daftari lake la matumizi, kwanza natafuta Ramadhani. Nafundisha bajeti kwenye vikundi vya kuweka na kukopa hapa Unguja, na madaftari mengi huharibika pale pale: kumi la mwisho, baada ya tarawehe, sokoni Darajani. Kanzu ya mtoto, viatu, halafu pazia na seti ya vikombe ambayo mchana haikuwamo hata mawazoni. Mwenyewe husema ana mkono mwepesi. Mimi sikubali haraka hivyo.

Sehemu kubwa ya tunachokiita matumizi ya ghafla kinajulikana tangu mwaka uliopita. Ila tunalipwa kwa kalenda moja na kusherehekea kwa nyengine. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo Mfunguo Mosi, yaani mwezi wa Idi baada ya Ramadhani, hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka. Mwaka 2024 sikukuu ilikuwa Aprili 10, mwaka 2025 Machi 31, na mwaka 2026 ikaja karibu na Machi 20.

Sasa tuseme mshahara wako unaingia tarehe 25. Baina ya sikukuu ya 2024 na ya 2025 umelipwa mara 12. Baina ya ile ya 2025 na ya 2026, mara 11 tu. Aliyekuwa akitenga shilingi 20,000 kila mshahara ili zifike 240,000 ameingia dukani na 220,000, na hakuna alipozembea. Pengo hilo hujazwa na pesa ya kodi au ya ada ya skuli. Hapo ndipo panaponitisha, maana mtu akishaigusa pesa ya kodi hujiambia bajeti imeshavunjika, basi na pazia nalichukue.

Kwa hiyo gawa kwa 11, usigawe kwa 12: tenga 22,000. Mwaka wenye mishahara 12 utabakiwa na ziada, na sikukuu ya Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja, haiko mbali, hata wiki kumi hazifiki.

Pesa hiyo usiiache kwenye simu, kwa sababu simu hiyo hiyo ndiyo duka. Itie kwenye mchezo, yaani upatu, na mapema uzungumze na kijumbe anayeusimamia akupe zamu ya Rajabu au Shaabani. Wasomi wengine wanaubeza upatu kwa kuwa hauna faida. Ni kweli hauna, lakini una watu wanaokusubiri ulipe, na hilo benki haikupi.

Inabaki tamaa yenyewe. Saa nne ya usiku muuza madera anaweka picha kwenye statasi: "zimebaki mbili". Richard Thaler, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, alieleza jinsi watu wanavyozigawa pesa mafungu kichwani, kana kwamba shilingi ya fungu hili si sawa na ya lile. Wengine huiona kasoro, mimi naitumia. Fungua laini ya pili, itilie kiasi unachoweza kukipoteza bila kununa, na tamaa zote zilipwe kutoka huko. Ikikauka, basi mpaka mshahara. Wala sikutaki uandike zimekwenda wapi. Wanaomlazimisha mtu kuandika kila andazi ndio wanaomfanya alitupe daftari.

Kwa kitu kikubwa, mwambie muuzaji, "Niekee mpaka kesho alasiri." Wengi hawarudi, na yeye anajua, ndiyo maana atakuomba arbuni, pesa ya kushikia. Usitoe. Ukishatoa arbuni unarudi kuiokoa hiyo arbuni, na dera hata hulitaki tena.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini hula pesa nyingi: mkono wa sikukuu wa watoto. Tafuta chenchi mapema, za mia tano na za elfu moja. Asubuhi ya sikukuu watoto wa mtaa mzima wameshafika mlangoni, na mfukoni una noti za elfu tano peke yake, utatoa hizo hizo.