Shall na will, tofauti yake ni nini hasa

Ile kanuni ya shuleni ya wakati ujao wa Kiingereza wengi mnaikumbuka, I na we zinaenda na shall, wengine wote will, halafu ukitaka kuapa au kuamrisha unazigeuza. Aliyeiandika ni John Wallis mwaka 1653, na huyo jamaa alikuwa mtu wa hesabu kule Oxford, ndiye aliyeleta ile alama ya nane iliyolala (∞, yaani isiyo na mwisho), kitabu chenyewe kiliandikwa kwa Kilatini ili kiwasaidie wageni wanaojifunza Kiingereza, basi walimu wa baadaye wakaishikilia kama msahafu. Waingereza wenyewe wana kichekesho chake cha zamani, mgeni anazama majini anapiga kelele "I will drown, nobody shall save me!" watu wakamwacha, maana kwa kanuni hiyo kasema ameamua kufa na ole wake atakayemwokoa.

Kwenye maongezi ya leo will inatosha kwa kila mtu, tena ikifupishwa kuwa I'll huwezi hata kujua ilikuwa ipi. Shall imebaki zaidi kwenye kujitolea au kupendekeza, "Shall I open the window?" yaani nifungue dirisha? Ukisema "Will I open the window?" pale London watakuona kama unaomba upigiwe ramli, ingawa Ireland na Scotland wanaongea hivyo kila siku na hakuna anayeshtuka.

Ila shall yenye meno iko kwenye sheria na mikataba. Hapo haihusiani na wakati ujao, "The tenant shall pay rent" haibashiri kwamba mpangaji atalipa (wenye nyumba wanajua), inasema ni wajibu wake. Tanzania Sheria ya Tafsiri ya Sheria kifungu cha 53 kimemaliza kabisa, sheria ikimpa mtu jukumu kwa shall ni lazima alifanye, ikiwa may ni hiari yake.

Lakini hata hapo inateleza bana. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema kwenye vyombo vya kuchaguliwa, "not more than two-thirds of the members" shall be wa jinsia moja. Unaona kama imeisha hiyo, kumbe Desemba 2012 Mahakama ya Juu ikasema shall ni amri ya papo hapo pale tu jambo lenyewe linapotekelezeka moja kwa moja bila maandalizi, hili la jinsia litafikiwa polepole, bunge likapewa mpaka Agosti 2015 kutunga sheria. Jaji Mkuu Mutunga alipinga. Tarehe ikapita, na 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri rais alivunje bunge kwa sababu hiyohiyo, halikuvunjwa.

Ndo maana mwongozo wa serikali ya Marekani wa kuandika kwa lugha nyepesi unawaambia waandishi waachane na shall, kama ni lazima waandike must.