Zawadi kwa Mke: Ipi Fadhila, Ipi Deni, na Kwa Nini Hairudishwi

Kila msimu wa Idd ukipita, watu hufika masjala ya Mahakama ya Kadhi hapa Nairobi na malalamiko yanayofanana. Mke amenunuliwa dera na mkufu, lakini mwenye nyumba anagonga mlango kila siku akidai kodi. Mume naye ndoa imemshinda, na amekuja na risiti mkononi akitaka arudishiwe vyake. Yafuatayo ni maelezo ya jumla. Si uamuzi wa kesi ya mtu yeyote, na kadhi hafungwi nayo.

Waume wengi tunaowaona si watu wabaya. Wametoa, tena kwa moyo. Wanachokosea ni kuchanganya mahari, nafaka (yaani matunzo ya lazima ya mke, si mahindi wala mchele) na zawadi. Mahari ni haki ya mke mwenyewe, si ya baba yake wala ya shangazi zake. Yasipolipwa hubaki deni, na mume akifariki hutolewa katika mali yake kabla warithi hawajagawana. Nafaka ni chakula, mavazi na makao. Zawadi ni fadhila juu ya hayo, wala haizibi pengo la mojawapo. Ukimnunulia mkeo simu ya elfu thelathini na jikoni hakuna unga, umetoa zawadi na bado unadaiwa unga. Simu haipikwi.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waswahili wengi, walishaipima nafaka hii zamani: mwenye wasaa vibaba viwili vya chakula kwa siku, wa kati kibaba kimoja na nusu, asiye na kitu kibaba kimoja. Mavazi ni kila miezi sita, na ya wakati wa baridi yanahesabiwa humo. Kwa hiyo mke anayeishi Eastleigh au South C hapa Nairobi akitaka sweta kwenye baridi ya Julai, hajaomba zawadi. Siku hizi hesabu hufanywa kwa shilingi, kwa kuangalia kipato, lakini msingi ni ule ule wa Sura At-Talaq, aya ya 7: mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyepungukiwa atoe katika alichopewa na Mwenyezi Mungu.

Wapo wanaogeuza hoja hii wakasema: basi nikishalipa kodi na kununua chakula nimemaliza. Hujamaliza. Sura An-Nisaa, aya ya 19, inaamrisha kuishi na wake kwa wema, na wema haukupimwa kwa kibaba. Sahaba Sa'd bin Abi Waqqas alikuwa mgonjwa Makka, akamuuliza Mtume (s.a.w.) atoe kiasi gani cha mali yake sadaka. Mtume akamwekea mpaka kwenye thuluthi, kisha akamwambia kwamba kila anachokitoa kwa ajili ya Mungu ana thawabu nacho, hata tonge anayomtia mkewe mdomoni. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Mtu anawaza wasia na mali nyingi, naye anarudishwa kwenye sinia la nyumbani kwake. Bi Aisha naye alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wake, hata wakati wa swala ufike. Ndugu zangu mnaosema hamna pesa za zawadi, hapo hapakutajwa pesa.

Tuje kwenye kurudisha, ambako ndiko kwenye kelele. Aya ya 20 ya An-Nisaa iko wazi: hata kama ulimpa mke marundo ya mali, ukiamua kumwacha usichukue humo chochote. Katika hadithi ya Ibn Abbas, anayerudia zawadi yake amefananishwa na mbwa anayerudia matapishi yake. Kwa Shafi, hiba, yaani zawadi, hutimia inapokabidhiwa, na ikishatimia mume hana mlango wa kuirudia kwa mkewe. Sheria ya nchi haiko mbali na hapo. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 kinachukulia kuwa zawadi kati ya wanandoa ni mali ya aliyepewa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Risiti kuwa na jina lako inaonyesha nani alilipa, basi. Tumelisema hili mpaka sauti imekauka.

Hata hivyo si kila kilichovaliwa ni zawadi. Bangili ya dhahabu aliyovishwa bibi harusi inaweza kuwa sehemu ya mahari, ikawa zawadi, au ikawa ya kuazima kwa mama mkwe. Aliyesema ni ya kuazima alete shahidi. Gari nalo, kama ulimwambia mkeo ni lake lakini logibuku imebaki na jina lako na funguo ziko mfukoni mwako, umeahidi, hujakabidhi. Tofauti na hayo ni khului, ambapo mke mwenyewe ndiye anayeomba kutoka na anaweza kurudisha mahari kama fidia.

Mwenye shauri afuate utaratibu. Chini ya Kifungu cha 170 cha Katiba, Mahakama ya Kadhi husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Nyaraka huwasilishwa kwa mtandao, kama ilivyo Nairobi tangu Julai 2020. Asiye na kompyuta aende saiba, lakini asimwachie kijana wa saiba nywila yake. Andaa kitambulisho, cheti cha ndoa, orodha ya vitu na namna kila kimoja kilivyotolewa, taarifa ya M-Pesa iliyochapishwa badala ya picha ya skrini, na majina ya mashahidi. Ushahidi wa mwanamke unasikilizwa sawa na wa mwanamume. Sheria ya Mahakama za Kadhi imelitamka hilo. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 kukata rufaa Mahakama Kuu. Anayekaidi amri ya kulipa anaweza kuitwa aeleze kwa nini asipelekwe jela ya madeni, ambako kifungo hakizidi miezi 6. Akitoka, deni bado liko pale pale.

Wanaouliza kuhusu zawadi za posa iliyovunjika kabla ya nikaha: hilo ni suala jingine, wanazuoni wamehitilafiana, na halijibiwi kwa simu. Njooni na orodha.